Walipousafisha Uso wa Masika

Siku yangu ya kwanza kazini bosi alinipa amri moja tu, "Mama Kabugho, safisha hizi picha," nami nikaenda kutafuta beseni la maji.

Chekeni tu. Studio nzima ilicheka. Lakini kwa watu wa umri wangu, kusafisha picha ni kazi nyingine kabisa. Marehemu mume wangu alikuwa mpiga picha wa kamera za filamu pale Kasese mjini, Uganda, na mimi ndiye niliyekuwa msafishaji wake. Yeye alipiga, mimi nikajifungia katika chumba chetu cha giza, dirisha limezibwa kwa blanketi, taa ndogo nyekundu inawaka juu ya kichwa, nikitumbukiza karatasi katika dawa, halafu majini. Karatasi iliingia nyeupe, kisha polepole mtu anatokea. Kwanza nywele na macho, baadaye shavu, baadaye shati. Nilikuwa na tabia ya kuwasalimia wakitokea. Kwangu mimi kusafisha kulikuwa kumleta mtu.

Mume wangu akafariki, na filamu nazo zikafa. Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili na kumi studio moja kubwa ya mjini ikanichukua, nikiwa tayari mtu mzima mwenye wajukuu. Mwenye studio alitaka aitwe Mkurugenzi. Si bosi, si mzee, Mkurugenzi! Hata mkewe akipiga simu alimwita hivyo. Kazi pale ilikwenda kwa Kiswahili, maana wateja walikuwa mchanganyiko: watu wa kiwanda cha saruji kutoka Kenya, askari, wachuuzi wa Congo, na sisi Wakonzo ambao Kiswahili tumekiokota njiani.

Mkurugenzi akaninyang'anya beseni, akanikalisha mbele ya kompyuta. Kwenye kioo kulikuwa na bwana harusi wa kwetu Munkunyu, kijana mweusi, mzuri, amenyoa vizuri. Mkurugenzi akashika kipanya, akavuta alama moja kwenda kulia. Yule kijana akawa rangi ya chai ya maziwa. Akavuta tena, akawa maziwa yenyewe bila chai.

"Hivyo ndivyo tunavyosafisha hapa," akasema.

"Mkurugenzi, kwani huyu alikuwa mchafu?"

"Mama, wewe ni mgeni. Wateja wanataka kung'aa. Ngozi yetu sisi inakula mwanga."

Inakula mwanga! Maneno hayo niliyasikia mpaka siku ninaondoka, na kila mara damu ilinichemka upya. Ngozi yetu haijawahi kula kitu cha mtu. Kamera ndizo zilizokuwa na uchoyo, na nitawaeleza jinsi gani, nyinyi mnaopiga picha kwa simu bila kujua kinachofanyika ndani.

Ndani ya kamera ya dijitali kuna kibamba kinachopokea mwanga pale filamu ilipokuwa ikikaa. Tunakiita sensa. Katika kamera zetu za kwanza sensa ilikuwa ndogo mno, kama ukucha wa mtoto. Ukiingia kanisani jioni, au katika nyumba ya madirisha madogo, haioni. Unayo njia ya kuongeza ISO, yaani kuilazimisha sensa ihisi mwanga zaidi, lakini picha inajaa chenga, utafikiri mtu amemwaga mtama juu ya watu. Unaweza kuacha mlango wa kamera wazi kwa muda zaidi, lakini bibi harusi akipumua tu anakuwa moshi. Ukiwasha flashi, uso unapigwa kama kofi, macho mekundu, na nyuma yake giza totoro. Halafu kuna ile hali ya otomatiki, ambapo kamera inajipimia mwanga yenyewe. Inaona gauni jeupe, inasema basi, mwanga umetosha, na uso wa mwenye gauni unabaki shimo. Baada ya hapo watu wanamlaumu bibi harusi.

Mimi nilijifunza kuikatalia otomatiki. Nilipima mwanga wa shavu, si wa gauni. Nilimsogeza mtu karibu na mlango. Nikiwa kanisani niliegemeza kamera kwenye mguu wake wa chuma, nikangoja waimbaji washikilie noti ndefu, kwa maana mtu anayeshikilia noti ndefu hatikisiki, na hapo ndipo nilipobonyeza. Mkurugenzi alikuwa akiniuliza kwa nini ninachelewa.

Katikati ya miaka ile akanunua kamera mpya, na ukweli niuseme, kamera ile ilikuwa baraka. Sensa yake ilikuwa pana, na lenzi yake ilikuwa na tundu linalofunguka sana, kama mboni ya paka ikiingia kizani. Tundu likiwa pana mwanga mwingi unaingia kwa mara moja, huhitaji flashi wala kungoja. Na video yake haikuwa ile ya zamani yenye watu wanaoogelea katika chenga. Mara ya kwanza nilikwenda nayo kanisani Rukoki, jioni ya mvua, umeme umekatika, na kwaya wanaimba kwa mishumaa miwili mitatu. Nikatazama kwenye kioo cha nyuma. Banange! Kila mwimbaji alikuwa na weusi wake. Huyu wa kahawa iliyokaangwa, yule mwekundu wa udongo, mwingine mweusi mpaka anakaribia buluu, na mishumaa inacheza kwenye mashavu yao. Nililia nyuma ya kamera, mimi mtu mzima.

Nikampelekea Mkurugenzi asubuhi. Akaangalia, akatikisa kichwa kwa furaha. "Kazi nzuri sana, mama. Sasa safisha."

Nilimtolea uvivu. Nikamwambia, umetoa mali yako kununua chombo kinachoona gizani, halafu kikishaona unataka nifute kilichoona? Nikamwambia vilevile kwamba amri aliyotupa sote ya kufuta picha mbichi, yaani picha kama zilivyotoka kwenye kamera kabla hazijaguswa, mimi siifuati na sitaifuata, nitazitunza kwenye diski yangu. Hakunifukuza, maana hakuwa na mwingine wa kwenda makanisani. Alinihamishia Bwera, mpakani mwa Congo.

Meneja wa tawi la Bwera alikuwa mwanajeshi mstaafu, nasi tulimwita Afande. Alipokea wateja kama anakagua gwaride. Mtu akiingia kutaka picha ya pasi, Afande anamwambia, "Kaa! Kidevu juu! Usicheke!" na mtu anakaa hivyo hata kabla kamera haijatolewa. Siku niliyofika alinitazama juu mpaka chini.

"Wewe ndiyo ile mama ya mdomo?"

"Ndiyo mimi, afande."

"Hapa kazi tu. Mdomo acha Kasese."

Sikuuacha, lakini tulipatana. Bwera palikuwa na kazi nyingi, pikipiki na wabadilishaji fedha kila kona, watu wa Congo wanavuka daraja asubuhi na kurudi jioni. Umeme ulikuwa wa kubahatisha, kwa hiyo kamera ya gizani ilinifaa zaidi huku kuliko mjini.

Ndipo akaja Biira, mwalimu wa shule ya msingi, kutuomba tumpigie shughuli ya utambulisho wa binti yake, siku mchumba anapoletwa kwa wazazi. Mvua ilinyesha siku hiyo, mahema yakalowa, wageni wote wakasukumana ndani ya nyumba ya zamani yenye madirisha mawili. Watu walisema hapa hakuna picha. Mimi nikafungua tundu la lenzi mpaka mwisho na kuanza kazi. Karibu na mlango, kwenye mkeka, alikuwa amekaa mama yake Biira, anaitwa Masika. Mama mzee, mweusi tii, mikunjo usoni kama mlima wetu ukiutazama kutoka barabarani, na chini ya jicho la kushoto kovu refu la kuungua tangu utotoni. Akili yake ilikuwa imeanza kumwacha. Aliniuliza mara kadhaa mimi ni binti wa nani, na kila nilipomjibu alifurahi kama ndiyo mara ya kwanza. Mwanga wa mlangoni ukamwangukia shavuni akiwa anafurahi hivyo, nikabonyeza. Ile ndiyo picha bora niliyopata kupiga maishani.

Picha zote zilikwenda Kasese kutengenezwa albamu, ndivyo sheria ilivyokuwa. Nilituma na ujumbe: mama mzee msimguse. Nani alinisikiliza?

Baada ya miezi kadhaa Biira alirudi studio, amekonda, viatu vina vumbi mpaka kwenye vifundo. Mama yake alikuwa amepotea. Alitoka kwenda kuota jua nyuma ya nyumba, na hakuonekana tena. Walikuwa wametafuta hospitali, makanisani, mashambani. Biira alikuwa amekwenda Kasese na ile albamu, Mkurugenzi akamtengenezea matangazo ya kubandika, naye ameyabandika Bwera yote na kuvuka nayo mpaka upande wa Congo. Sasa yalikuwa yamemwishia. Alitaka mengine.

Akanipa moja aliyobaki nayo. Nikasoma juu: AMEPOTEA. Chini, kwa herufi kubwa kuliko namba ya simu ya kupiga, jina la studio. Katikati palikuwa na mwanamke wa rangi ya unga wa ngano, uso laini kama yai, hana mkunjo hata mmoja. Na kovu hamna.

"Huyu ni nani?" nikauliza.

"Ni mama," akasema Biira, kisha akaitazama karatasi tena, na sauti ikampungua. "Mama Kabugho, watu wanaangalia, wanatikisa kichwa. Mmoja aliniuliza kama mama yangu ni Mhindi."

Nilipandwa na mori. Kikongwe wa watu yuko njiani, hajui jina lake, hajui kwao, pengine ana njaa, na kitu kimoja tu alichobakiwa nacho cha kumrudisha nyumbani ni uso wake. Na huo uso ndio waliomnyang'anya. Nikampigia Mkurugenzi pale pale, sauti ya simu nikaifungua wote wasikie. Nikamwambia ninayo picha mbichi ya Masika kwenye diski, nataka ruhusa ya kuchapa tangazo upya.

"Ile niliiona," akasema. "Ni giza. Ina chenga. Mikunjo yote nje. Hapana, mama."

"Ndiyo uso wake, Mkurugenzi!"

"Karatasi ile ina jina langu. Studio yangu haitoi picha chafu."

Chafu. Nyinyi na mimi tunajua picha chafu ni zipi, zile ambazo mtu anaficha akisikia mlango. Leo uso wa mama aliyezaa, akalima, akasomesha mwalimu, umewekwa katika kundi hilo kwa sababu ni mweusi na umezeeka! Biira alikuwa anatazama sakafu kama aliyetukanwa yeye.

Afande alikuwa mlangoni muda wote huo, mikono nyuma. Akaja, akachukua simu mkononi mwangu, akaikata.

"Printa iko wapi?"

"Iko hapa, afande."

"Inangoja nini?"

Nikaichomeka diski. Masika akatokea kwenye kioo, na kovu lake, na mikunjo yake, na ile furaha ya mlangoni. Biira aliweka kiganja juu ya kioo. Chenga zilikuwepo, sikatai, kamera haikuwa malaika. Lakini hata wewe ambaye hukumjua Masika, ungekutana naye njiani ukamtambua. Sikuvuta alama yoyote kulia wala kushoto. Jina la studio nililikata.

Tukaanzia darajani, mimi na Biira, kwenye kituo cha pikipiki. Dereva wa kwanza tuliyempa karatasi hakumaliza hata kuikunjua.

"Uyu? Uyu si mama wa kovu! Niko namujua. Alivuka na bamama ba sombe, ba soko, akawa anabeba kikapu ya mutu. Nikazani ni mama yao."

"Ulimwona, na hukusema?" Biira akamwuliza. "Nilikuja hapa kituoni, nikakupa tangazo mkononi!"

Kijana akaingiza mkono ndani ya jaketi, akatoa lile tangazo la kwanza, limekunjwa vizuri, limelowa jasho. "Madamu, nalibeba siku zote. Kila mama mweupe anapita, naangalia. Lakini uyu na ule, ni batu babili."

Sikumlaumu. Alikuwa amefanya kazi yake kwa uaminifu, akimtafuta mtu ambaye Mungu hakumuumba.

Tukavuka. Soko la upande ule halikuwa mbali, na wauza sombe, yaani majani ya mihogo, wako pamoja mstari mmoja. Tulipoonyesha karatasi, wa kwanza akatuelekeza kwa wa tatu, na wa tatu alikuwa mama mnene wa kitenge cha manjano, akitwanga majani. Pembeni yake, juu ya gunia lililokunjwa, Masika alikuwa anachambua sombe, amevaa sweta isiyo yake. Mzima. Biira aliangua kilio, akamwangukia.

"Muko bandugu bake?" akauliza mwenye kibanda, akiacha mtwangio. "Mulikuwa wapi, bamama? Iko hapa na mimi, anakula, analala na batoto bangu. Kila mutu niliuliza: hamujasikia batu banatafuta mama muzee? Bote hapana."

Nilitaka kumjibu, lakini nilikuwa nimeinua macho. Kwenye nguzo ya kibanda chake, juu kidogo ya kichwa cha Masika, tangazo la Mkurugenzi lilikuwa limebandikwa kwa misumari minne.

"Na ile?" nikamwonyesha.

"Ile? Ile ni ya mama mwingine, masikini. Baliileta, nikasema, nibandike, labda Mungu atamusaidia."

Masika naye akageuka kufuata kidole changu. Alikuwa ameketi chini ya karatasi ile siku hizo zote. Akaikodolea macho muda mrefu, akatikisa kichwa kwa huruma, akaniambia kwa Kikonzo, taratibu, kama mtu anayeuliza habari za msiba wa jirani: "Na huyo mzungu, hajapatikana bado? Watoto wake wanalalaje?"

Biira alicheka na kulia pamoja. Mimi sikuweza kucheka. Niling'oa karatasi ile kwa kucha zangu.

Mnadhani Mkurugenzi aliona haya? Nilipomweleza alisema, "Si amepatikana? Sasa kelele za nini?" Na si hilo tu. Baada ya wiki chache akaweka ubao mkubwa mbele ya studio ya Kasese: Biira na mama yake wamekumbatiana, picha niliyowapiga siku ile, na maandishi, TUNAUNGANISHA FAMILIA. Na wote wawili amewasafisha! Ala! Biira aliposikia alipanda gari asubuhi, akatafuta ngazi, akapanda mwenyewe na sketi yake ya ualimu, akaushusha ubao ule mbele ya wateja. Mkurugenzi alijitia hamnazo, akajifungia ofisini.

Nilifanya kazi Bwera mpaka karibu mwisho wa miaka ile. Masika alikufa nyumbani kwake, kitandani pake, na picha iliyosimama karibu na jeneza ilikuwa ile mbichi. Biira alihakikisha. Watu waliopita kumuaga waliigusa kovuni.

Sasa nimestaafu, niko Rukoki na kahawa yangu. Wajukuu wananiletea simu zinazoona gizani kuliko kamera yoyote niliyoibeba mimi. Unabonyeza, simu inapiga picha nyingi kwa mpigo mmoja, inazijumlisha, na chumba cheusi kinakuwa mchana. Nastaajabu, sifichi. Marehemu mume wangu angeota nini zaidi? Lakini nikitazama vizuri naona shavu la mjukuu wangu limelainishwa na limepaushwa, na hakuna aliyeomba. Amri hiyo imo ndani ya simu tangu dukani, inasafisha kabla hujasema. Mkurugenzi mmoja nilimshinda darajani. Huyu wa sasa yuko mifukoni mwenu, na hata hamumjui sura. Tafuteni mahali anapozimwa! Mkishindwa, ulizeni.

Siku ya kuniaga walinifanyia sherehe ndogo mjini, soda na keki. Mkurugenzi akatoa hotuba, akasema mama huyu ana mdomo lakini ana jicho. Kisha akafunua zawadi, picha yangu kubwa ndani ya fremu ya dhahabu. Watu wakapiga makofi. Nikaishika, nikaitazama. Mwanamke wa rangi ya unga, uso laini, hana mkunjo hata mmoja, ananitabasamia.

Nikamrudishia mikononi mwake.

"Mkurugenzi," nikasema, "huyu mama mmemwokota wapi? Mbandikeni nguzoni upesi. Kwao wanamtafuta."